Ukitaka kupunguza wanga, anzia kwenye kikombe

Siku hizi mtaani Kahawa Wendani, kaunti ya Kiambu, huwezi kukaa na watu watano bila mmoja wao kukwambia kwamba ameacha ugali. Mwingine ameacha ugali, wali, chapati na mkate kwa mpigo mmoja, anashinda kwa mayai ya kuchemsha na parachichi, na wiki ya kwanza mizani imemshusha kilo tatu. Majirani wanaona, nao wanaanza.

Kilo hizo tatu zinahitaji kuelezwa vizuri. Ndizo zinazowapa watu imani mwanzoni, na ndizo zinazowavunja moyo mwezi wa pili.

Wanga tunaokula, uwe umetoka kwenye ugali, nduma, ndizi au soda, huvunjwavunjwa tumboni hadi ukawa glukosi, ile sukari inayosafiri kwenye damu. Sukari ikipanda, kongosho hutoa homoni ya insulini inayoziamuru seli kuipokea. Sehemu yake hutumika papo hapo kama nguvu, na sehemu nyingine huwekwa akiba kwenye ini na misuli, akiba inayoitwa glaikojeni. Kwa mtu mzima, akiba hiyo ni kama gramu 400 hadi 500 hivi. Lakini kila gramu yake hushikana na takriban gramu tatu za maji. Mtu anapoacha wanga ghafla, mwili huitumia akiba hiyo kwa siku chache, na maji yaliyoandamana nayo hutoka kwa mkojo. Insulini ikishuka, figo nazo huachilia chumvi na maji zaidi.

Ndiyo maana mizani hushuka haraka hivyo. Sehemu kubwa ya kilo za wiki ya kwanza ni maji. Mtu huyo akienda ruracio, sherehe ya mahari, Jumamosi akala chapati na pilau, Jumatatu atakuta kilo mbili zimerudi, na wengi hukata tamaa hapo, wakidhani wamenenepa kwa siku moja. Hawajanenepa. Akiba imejazwa tena, na maji yake yamerudi pamoja nayo.

Mafuta ya mwilini huondoka polepole zaidi, na huondoka kwa sharti moja tu: nguvu unayoila iwe pungufu kuliko nguvu unayoitumia. Gramu ya wanga ina kalori 4, gramu ya protini 4, gramu ya mafuta 9. Kwa hesabu hiyo wanga wenyewe si adui mkubwa. Kuupunguza huwasaidia wengi kwa sababu mbili za kawaida kabisa. Kwanza, unapoamua kuacha wanga, unaacha pia soda, mandazi, keki na chipsi, vitu vinavyoteremka bila kushibisha. Pili, nafasi yake huchukuliwa na protini, na protini hushibisha kuliko kitu kingine chochote kwenye sahani. Mtu anakula kidogo bila kuhesabu.

Mbinu hii si ngeni. Mwaka 1863 William Banting, mwandalizi wa mazishi jijini London, alichapa kijitabu akieleza jinsi alivyopungua baada ya daktari wake kumwachisha mkate, sukari, bia na viazi. Mwaka 1972 daktari wa Marekani Robert Atkins alilirudisha wazo hilo kwa kitabu kilichouzwa mno. Wanasayansi nao wakaamua kulipima. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003, uliohusisha watu 63, uligundua kwamba waliofuata mlo wa Atkins walikuwa wamepungua zaidi kufikia mwezi wa sita. Mwaka ulipokwisha, tofauti kati yao na waliopunguza mafuta ilikuwa ndogo kiasi cha kutohesabika.

Jibu zito zaidi lilikuja mwaka 2018 kutoka Chuo Kikuu cha Stanford. Christopher Gardner na wenzake waliwagawa watu 609 makundi mawili, moja likapunguza wanga, jingine likapunguza mafuta. Baada ya miezi 12, waliopunguza wanga walikuwa wamepoteza wastani wa kilo 6.0, na waliopunguza mafuta kilo 5.3. Kitakwimu walitoshana. Ila ndani ya kila kundi kulikuwa na watu waliopungua zaidi ya kilo 20 na wengine walioongezeka. Jambo ninalotaka msomaji alikumbuke zaidi ni maagizo yaliyotolewa kwa makundi yote mawili: kuleni mboga kwa wingi, punguzeni sukari iliyoongezwa na unga mweupe, na kadiri mnavyoweza pikeni nyumbani. Makundi yaliyoonekana kupingana yalianza kwa kuondoa vitu vile vile.

Kwetu Kenya ushahidi kwamba wanga peke yake haunenepeshi tunao tangu zamani. Mwaka 1931 John Boyd Orr, aliyekuja kuwa mkuu wa kwanza wa shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, na kushinda Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949, alichapisha pamoja na daktari John Gilks utafiti uliolinganisha afya ya Wamaasai na ya Wakikuyu. Wamaasai walikula maziwa, nyama na damu, wanga kidogo sana. Wakikuyu walikula mahindi, mtama, viazi vitamu, nduma na maharagwe, wanga juu ya wanga. Tofauti zilikuwepo: wanaume wa Kimaasai walikuwa warefu na wazito zaidi, na kila upande ulikuwa na maradhi yake yaliyotokana na kilichokosekana kwenye chakula. Lakini unene haukuwa tatizo la upande wowote. Bibi wa Kiambu aliyeshinda shambani na jembe, akarudi na mzigo wa kuni mgongoni, hakuwa na sababu ya kuogopa nduma.

Ushahidi wa pili ulitoka jirani tu na Wendani, katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka 2004 Vincent Onywera, pamoja na Mike Boit, mshindi wa nishani ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich 1972, na wenzao, walichapisha matokeo ya kupima kila kilicholiwa na wanariadha kumi wa hali ya juu wa Kenya. Zaidi ya asilimia 76 ya nguvu yao ilitoka kwenye wanga, takriban gramu 600 kwa siku. Ugali ulikuwemo, na chai ya maziwa yenye sukari ilikuwemo tena kwa wingi. Wastani wa uzani wao ulikuwa kama kilo 58. Na katika kipindi hicho cha kupimwa, nguvu waliyoitumia kwa siku iliizidi ile waliyoila.

Kwa hiyo anayesema ugali ndio unaonenepesha Wakenya anaonea ugali. Sisi tunakula chakula cha mkimbiaji na kuishi maisha ya kukaa. Mkazi wa Wendani anatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu asubuhi, anakaa ndani ya matatu hadi mjini, anakaa ofisini au nyuma ya kaunta ya duka hadi jioni, anakaa tena kwenye foleni ya magari akirudi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukizwa ulikuta asilimia 27 ya watu wazima nchini wana uzani kupita kiasi au wamenenepa kabisa. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, kwa wanaume 17.5. Pengo hilo ni kubwa mno kupuuzwa, na inahuzunisha kwamba ushauri wa lishe tunaowapa kina mama mara nyingi ni wa kuwaaibisha tu.

Sasa tuje kwenye sahani. Chukua mlo unaopendwa vibandani karibu na stejini, chapo mbili na madondo, yaani chapati na maharagwe. Pakiti ya kilo mbili ya unga wa ngano hutoa chapati ishirini na kitu za ukubwa wa kibandani. Hiyo ni kama gramu 80 za unga kwa chapati moja, na karibu robo tatu ya unga huo ni wanga. Chapati mbili zinakupa gramu 120 za wanga hivi, zaidi ya kalori 450, kabla hujahesabu mafuta yaliyokandiwa na yaliyokaangiwa. Madondo yenyewe ni chakula kizuri, yana protini na nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Tatizo ni kwamba bakuli ni dogo na chapati ni kubwa. Mwambie anayekuandalia akupe chapati moja na madondo maradufu, uongeze kabeji au sukuma wiki. Utashiba vile vile, pengine hadi usiku.

Ugali nao ni hivyo. Nusu kilo ya unga ikisongwa kwa watu wazima watatu, kila mmoja anapata zaidi ya gramu 120 za wanga kwa chakula cha jioni, saa moja au mbili kabla ya kulala. Mboga huwekwa pembeni, vijiko viwili vitatu vya kutelezeshea. Pindua sahani hiyo: managu, terere au kunde zijaze nusu nzima, omena, mayai au ndengu zichukue robo, ugali ubaki na robo yake. Ukiweza, siaga mahindi yako kwenye posho mill bila kukoboa, au changanya na wimbi. Unga uliokobolewa umeondolewa ganda na kiini, yaani nyuzinyuzi na virutubisho vingi, ukaachwa wanga mtupu. Na mboga zisiogelee kwenye mafuta: kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, na wengi humimina bila kupima.

Lakini kabla ya ugali na kabla ya chapati, kuna kikombe. Vijiko vitatu vya sukari kwenye chai, vikombe vitatu kwa siku, ni gramu 36 hivi za sukari. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoila, na kwamba ikishuka chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi kwa mtu wa kawaida, ni bora zaidi. Chai peke yake imeshapita hapo. Soda moja ya nusu lita inaongeza gramu 50 nyingine. Sukari hii haimwondolei mtu njaa: ukiinywa na usipoinywa, utakula chakula kile kile. Anayepunguza kijiko kimoja kila wiki mbili atazoea kabla ya msimu wa mvua kwisha, na hatakuwa amegusa hata tonge moja la ugali.

Hapa ndipo natofautiana waziwazi na wale wanaouza ratiba za keto kwenye makundi ya simu. Mlo wa keto ulibuniwa mwaka 1921 na Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, kwa ajili ya kutibu kifafa, na hadi leo husaidia watoto ambao dawa zimewashinda, chini ya uangalizi wa karibu wa hospitali. Ukifuatwa barabara hukataza maharagwe, njahi, ndengu, ndizi, nduma na viazi vitamu, halafu huruhusu siagi, jibini na nyama kwa wingi. Ni wangapi Wendani wanaoweza kununua nyama na jibini kila siku hadi Desemba? Mama anayeambiwa aache githeri na njahi, chakula chenye protini na nyuzinyuzi alichokirithi, anaambiwa aache kitu kilicho kati ya vizuri zaidi jikoni mwake. Akishindwa na gharama, anajilaumu yeye. Ratiba yenyewe hailaumiwi, imeshalipiwa. Kati ya nduma ya kuchemsha na mandazi mawili kando ya chai ya asubuhi, mwenye kutaka kupungua achukue nduma bila wasiwasi.

Kuna watu ambao hawapaswi kupunguza wanga kwa kiasi kikubwa bila kumwona daktari au mtaalamu wa lishe kwanza: wajawazito, wanaonyonyesha, wenye ugonjwa wa figo, na juu ya wote wagonjwa wa kisukari walio kwenye dawa. Wengi wa wagonjwa hao wa kisukari wangefaidika na mabadiliko haya kuliko mtu yeyote. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha watu 306 wenye kisukari cha aina ya pili, ulionyesha kwamba karibu nusu ya waliopunguziwa kalori kwa ukali walishusha sukari chini ya kiwango cha kisukari bila dawa ndani ya mwaka mmoja. Lakini dawa zao za kisukari ziliondolewa kwa mpango wa madaktari tangu siku ya kwanza.

Sababu ni hii. Anayejidunga insulini, au anayemeza tembe kama glibenklamaidi, anatumia kipimo kilichopangwa kulingana na wanga aliokuwa akila. Akiacha ugali Jumatatu na kumeza dawa ile ile, sukari inaweza kushuka kupita kiasi usiku huo huo. Dalili ni kutetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Mtu akiwa bado anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, subiri dakika 15, umpime tena, na akipata nafuu apewe chakula. Akiwa amezirai usimtie kitu chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu, tafuta gari, na ukifika hospitalini waeleze ni dawa gani alimeza na saa ngapi.