Spika Zikinyamaza: Zipime kwa Simu Kabla ya Kupiga Windows Upya

Kompyuta ikiacha kutoa sauti, mara nyingi mwenyewe huambiwa moja kati ya mawili: spika zimeungua, nunua nyingine, au Windows imeharibika, ipigwe upya. Hukumu zote mbili hutolewa kabla hakijapimwa kitu. Ya kwanza inakula pesa bure. Ya pili inaniuma zaidi, kwa kuwa diski ikifutwa hovyo zinaondoka picha za harusi, tasnifu ya mtoto na hesabu za duka, na pengine tatizo lenyewe lilikuwa la kubofya mara mbili. Kabla hujamruhusu mtu afute au auze chochote, jua kwanza nani amenyamaza: kompyuta au spika.

Chomoa pini ya spika kwenye kompyuta, ichomeke kwenye simu yenye tundu la hedifoni, kisha piga wimbo. Spika zikiimba, zenyewe ni nzima, waya wake ni mzima na umeme unazifikia. Kosa liko kwenye kompyuta. Zikibaki kimya, iache Windows, haina hatia. Simu nyingi za sasa hazina tundu hilo, lakini redio au televisheni yenye tundu la hedifoni inafanya kazi ileile. Spika ndogo zenye waya mmoja tu wa USB hupokea umeme na sauti kwa waya huohuo, kwa hiyo hizo zipime kwenye kompyuta nyingine. Zile zenye USB na pini pamoja, kwa kawaida USB ni ya umeme tu, na watu wengi huchomeka kimoja wakasahau cha pili.

Kuna kipimo kingine ambacho mafundi wa redio wamekitumia miaka mingi: kidole. Washa spika, weka sauti katikati, gusa ncha ya pini ya sauti. Nasema pini nyembamba ya sauti, si plagi ya ukutani. Ukisikia mvumo mzito, amplifaya iko hai. Mwili wako unanasa mawimbi ya nyaya za umeme zilizomo ukutani, umeme ambao hapa kwetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na amplifaya inaukuza mnaso huo mdogo mpaka unasikika. Umeme ukiwa umekatika mtaani, kipimo hiki hakikuambii kitu.

Tuseme sasa kosa liko kwenye kompyuta. Kimya cha aina hii mara nyingi hakitokani na kitu kuharibika: sauti inatoka, ila inapelekwa kwingine. Ukiunganisha televisheni au projekta kwa waya wa HDMI, Windows inaweza kuhamishia sauti huko bila kukuuliza, kwa sababu waya huo hubeba picha na sauti pamoja. Hedifoni za Bluetooth zilizosahaulika zikiwaka ndani ya mkoba hufanya vivyo hivyo.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika mmsys.cpl, kisha bonyeza Enter. Dirisha litakalofunguka nalipenda kuliko mengine yote katika kazi hii, maana linakuonyesha sauti kwa macho. Vifaa vya kutolea sauti vimeorodheshwa, na pembeni mwa kila kimoja kuna ngazi ndogo ya vistari. Piga wimbo huku ukivitazama. Vikipanda kwa kijani mbele ya jina la televisheni, sauti inaenda huko: chagua spika zako, zifanye ndizo chaguo la kawaida, basi. Vikicheza mbele ya spika zenyewe na bado husikii kitu, hakikisha sauti yake haijashushwa au kuzimwa. Kama haikuzimwa, kosa kwa kawaida limeshavuka Windows, liko kwenye tundu au waya. Visipocheza popote, rudi kwenye programu inayopiga wimbo, huenda yenyewe ndiyo iliyonyamazishwa. Na kama spika zako hazimo kabisa, bofya kulia kwenye sehemu tupu ya orodha uruhusu vifaa vilivyozimwa vionekane.

Zisipoonekana hata hapo, ndipo zamu ya draiva inapofika, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuelewana na chipu ya sauti. Sasisho la Windows huweza kuleta draiva isiyopatana na chipu yako. Pale ulipoandika amri ya kwanza, andika devmgmt.msc, tafuta kundi la vifaa vya sauti, ondoa kifaa chenyewe, kisha zima na kuwasha upya. Windows itakitafuta na kukiweka tena. Ikishindikana, chukua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yako kwa kufuata namba ya modeli. Mpaka hapa hakuna faili lako hata moja lililoguswa.

Kwenye kompyuta ya mezani, rangi za matundu zinatokana na mwongozo wa PC 99, ulioandaliwa na Microsoft na Intel mwishoni mwa miaka ya 1990: kijani ni spika, waridi ni maikrofoni, buluu ni kuingizia sauti ya kifaa kingine. Tundu la mbele hutegemea waya mwembamba unaopita ndani ya boksi, na anayepuliza vumbi anaweza kuuchomoa bila kujua. Jaribu la nyuma.

Kompyuta mpakato nyingi zina swichi ya kutambua, ndani ya tundu, kwamba hedifoni zimechomekwa. Swichi hiyo ikinata, mashine inaamini hedifoni bado zipo na spika zake za ndani zinanyimwa sauti. Utaona jina la hedifoni kwenye skrini ilhali tundu ni tupu. Chomeka na kuchomoa pini mara kadhaa huku ukiizungusha. Mara nyingi hujiachia. Mombasa, Tanga na Unguja, hewa ya chumvi hutia kutu matundu yasiyotumika. Mashine ikiwa imezimwa, safisha kwa kijiti chenye pamba kidogo iliyoloweshwa spiriti ya isopropili na kukamuliwa. Sindano isiingie humo kabisa.

Spika zilizofeli kwenye simu nazo zina mpangilio wake. Angalia umeme wake, kisha waya, ambao hupenda kukatikia shingoni mwa pini. Upinde taratibu wimbo ukiwa unapigwa. Sauti ikirudi na kupotea, umepata. Pini ya kawaida ya milimita 3.5 ina njia tatu: ncha ni ya kushoto, pete ni ya kulia, na shina ni njia ya kurudia ya pande zote mbili. Ncha ikikosa mawasiliano, upande wa kushoto unakufa. Shina likikosa, mara nyingi kinatokea kitu cha ajabu: muziki unasikika kwa mbali, mwangwi upo, lakini mwimbaji hayupo. Sauti ya mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa sawasawa kushoto na kulia, na bila njia ya kurudia spika hubaki na tofauti tu ya pande hizo mbili, kwa hiyo kilicho sawa kinajifuta. Sabufa ya namna hiyo haijafa. Inahitaji waya mpya, au pini tu ikamatishwe tena.

Waya ukiwa mzima na kidole kisitoe mvumo, kosa limo ndani ya sabufa: fyuzi, kapasita zilizovimba vichwa, risasi iliyoachia kwenye ubao. Spika yenyewe, ikitenganishwa na ubao, hupimwa kwa mita: iliyoandikwa omu 4 husoma zaidi kidogo ya 3, ya omu 8 husoma kati ya 6 na 7, na mita isiposoma chochote koili imekatika. Sabufa inayotumia umeme wa ukutani usiifungue kama huna uzoefu, kwani kapasita zake zaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Mpelekee fundi pamoja na waya na adapta yake, na mweleze ulichopima: ilikuwaje kwenye simu, kidole kilitoa mvumo au la, na ni upande gani ulionyamaza kwanza.