Uhamisho Umefika: Je, Chombo Kipakiwe Lorini?

Barua ya uhamisho haiulizi nyumbani mna nini. Hutaja jina, cheo, kituo kipya na tarehe ya kuripoti, basi. Familia nyingi hufunga vitanda, sufuria na mabati, wakaondoka. Lakini askari aliyekaa Pemba kwa miaka kadhaa, naye sasa ameamriwa kwenda Palma, karibu na mpaka wa Tanzania, aghalabu huwa na mali moja isiyoingia guniani: chombo kidogo cha kuvulia samaki. Baba yu kazini, na mshahara una siku zake. Chombo kile ndicho kinacholeta kitoweo katikati ya mwezi, pamoja na fedha za madaftari ya watoto. Ndipo mabishano huanza barazani.

Tuitazame kwanza safari yenyewe. Kwa mstari ulionyooka, Pemba na Palma zimeachana kwa kilometa zipatazo 250. Barabara haiujui mstari huo. Huiacha bahari na kuelekea magharibi hadi Sunate, ikapinda kaskazini kupitia Macomia na Chai, mahali zilipolia risasi za kwanza za vita vya ukombozi tarehe 25 Septemba 1964. Huvuka mto Messalo, ikafika Awasse, ndipo irudi upande wa pwani, karibu na Mocímboa da Praia, na kuendelea hadi Palma. Jumla ni zaidi ya kilometa 400. Wakati wa mvua madaraja nayo huwa na neno lao: mwishoni mwa mwaka 2019 mafuriko yalilivunja daraja la mto Montepuez, na wilaya za kaskazini zikakatika.

Hata hivyo, adui mkubwa wa chombo katika safari hiyo si mashimo, bali ni jua. Mtumbwi wa gogo moja, tuseme la mwembe, umezoea maji. Ndiyo maana wavuvi huufunika kwa makuti unapokaa mchangani. Ukikaa juu ya lori kutwa nzima, jua na upepo huunyonya unyevu wake, ufa ukaanzia kichwani na kutambaa hadi tumboni. Chombo cha mbao kina ugonjwa mwingine: mtikisiko hulegeza misumari, mbao zikikauka hujitenga, na kalafati hudondoka. Ngalawa ina nafuu kidogo, kwani matengo na marengu yake hufungwa kwa kamba, hivyo hufunguka. Lakini gogo lake hubaki na urefu ule ule, na bodi la lori likishajaa chombo, vitanda vitapanda wapi? Mama wa nyumba ana haki kabisa ya kuliuliza swali hilo, na mumewe asilijibu kwa ukali.

Wapo wasemao kwamba chombo kipelekwe kwa tanga. Kusi, ambayo huvuma takriban Aprili hadi Septemba, husukuma kuelekea kaskazini, na visiwa vya Quirimbas hukinga mawimbi. Hoja hiyo yamfaa nahodha aliyezaliwa Ibo. Kwa familia yenye watoto haifai hata kidogo. Oktoba 2020 mashua iliyowabeba watu waliokuwa wakikimbia vita ilizama kati ya Ibo na Matemo, na makumi ya watu wakapoteza maisha. Isitoshe, tangu mapigano yalipoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, chombo kisichojulikana baharini hutiliwa shaka. Askari anapaswa kulielewa hilo kuliko raia.

Jambo linalosahauliwa mno ni bahari ya huko waendako. Ghuba ya Pemba ina kina kirefu. Palma, maji yanapokupwa wakati wa bamvua, ufuo hukauka hadi mbali. Huko hufaa chombo chepesi, kisichozama sana majini. Tena huenda mafundi wa kuchonga wakapatikana huko huko. Ila shambulio la Machi 2021 liliutawanya mji huo, kwa hiyo bei ya chombo iulizwe kwa mtu aliyeko huko, isikisiwe. Iulizwe pia idhini ya kuvua, kwa ofisi ya wilaya na kwa baraza la wavuvi la mahali penyewe.

Mimi naona gogo libaki, vifaa viende. Tanga, kamba, nanga na nyavu hukunjika, navyo ni sehemu kubwa ya gharama. Gogo lenyewe akabidhiwe mvuvi mwaminifu kwa ule utaratibu wa kale wa kugawana samaki, ambapo chombo nacho kina fungu lake. Makubaliano yaandikwe mbele ya mashahidi wawili, hata kama mvuvi huyo ni shemeji. Pengine hasa kama ni shemeji.

Ikiwa chombo ni kipya na lori lina nafasi, basi kipakiwe mwanzo, kifudifudi, juu ya magunia ya makumbi, wala kisikazwe kwa kamba hadi kikapinda. Kifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa na makuti juu yake. Magunia hayo yamwagiwe maji Sunate, yamwagiwe tena Macomia, na tena Awasse.