Mtoto asiyeona: kinachomchelewesha si macho peke yake

Mwite jina mtoto wa miezi mitano asiyeona, mara nyingi atatulia tuli. Miguu aliyokuwa akiirusharusha inasimama, uso haugeuki kukufuata. Wengi wakiona hivyo husema mtoto hana habari. Kumbe ametulia ili asikie vizuri: nani kaja, yuko upande gani, anakaribia au anaondoka.

Unyambwa, kata iliyo katika Manispaa ya Singida, ni nchi ya wakulima. Msimu ukifika, mama huamkia shambani na mtoto hubaki na bibi au dada yake. Mlezi akidhani mtoto hana habari, atamlaza mkekani na kuendelea na kazi zake, na siku zitapita hivyo. Kumbe miaka mitatu ya mwanzo ndiyo ubongo unapojengeka kwa kasi, na mtoto asiyeona anahitaji kushughulishwa kuliko mwenzake anayeona.

Kwa nini anachelewa

Mtoto anayeona akifika miezi minne au mitano hunyoosha mkono kushika anachokiona. Kuku akipita, shingo inageuka. Kikombe kiking'aa, anajivuta kukifuata. Asiyeona hana cha kumvuta hivyo. Selma Fraiberg, mtafiti wa Marekani aliyechapisha kitabu chake mwaka 1977, alifuatilia watoto waliozaliwa hawaoni. Aligundua kwamba waliketi karibu na umri wa kawaida, lakini hawakunyoosha mkono kufuata sauti mpaka mwaka wa kwanza ulipokaribia kwisha. Kutambaa nako kulisubiri hapo. Misuli ilikuwa na nguvu za kutosha, ila mtoto hakuwa bado amejua kwamba kinacholia ni kitu kinachoshikika.

Ndiyo maana kitu kikimponyoka mkononi na kubingirika, kwake kimetoweka duniani. Mwalimu wa Denmark, Lilli Nielsen, alitatua jambo hili kwa kisanduku kidogo kilichoning'inizwa vitu ndani, mtoto akalazwa humo. Kila anaporusha mkono anagusa kitu kilekile mahali palepale, mpaka anaanza kukitafuta mwenyewe. Kifaa hicho hakihitaji fundi. Chini ya meza fupi funga kijiko, kibuyu kidogo, funguo, na chupa ya plastiki yenye punje za alizeti ndani. Chupa ifungwe kifuniko kisichofunguka, kamba ziwe fupi zisimnyonge, na mtu mzima awe karibu.

Redio nayo ipumzike. Ikilia kutwa nzima, inafunika hatua za bibi, mlango wa bati na maji yanayomiminwa, na hizo ndizo habari ambazo mtoto anazitegemea.

Mkono kazini

Kwa mtoto huyu kiganja ndicho kinachopeleleza. Mwaka 1996 watafiti wakiongozwa na Norihiro Sadato walionyesha kwamba mtu asiyeona tangu utotoni akisoma nukta nundu kwa kidole, sehemu ya nyuma ya ubongo, ambayo kwa anayeona hushughulikia picha, nayo huingia kazini. Sehemu hiyo hailali bure, imepewa kazi nyingine.

Kwa hiyo mkono wake usikamatwe ghafla na kusukumwa kwenye kitu. Chukua mlo wa ugali wa mtama na mlenda. Ukimchovya vidole kwa nguvu, ule utelezi unamshtua. Kesho atakunja ngumi akisikia sahani tu. Kaa nyuma yake, mweke mapajani, mikono yenu ielekee upande mmoja. Weka mkono wako chini ya wake: wewe unamega, unafinyanga, unachovya, na kiganja chake kimepanda juu ya chako kinafuatilia. Akitaka kujiondoa, anaweza. Siku hadi siku vidole vyake vitateremka vyenyewe mpaka kwenye tonge. Tumia bakuli lenye kingo, uliweke mahali palepale kila mlo, na kabla ya kumgusa mwambie: "Mwanangu, tunakula sasa."

Mgongoni, mkekani, uani

Kubebwa mgongoni kwa kanga ni somo zuri. Mama akiinama kufagia, akitwanga, akigeuka kumfukuza kuku, mtoto anausikia mwendo huo mwilini mwake. Ila asishinde mgongoni. Alazwe kifudifudi kidogo kidogo akiwa macho. Hapendi, kwa kuwa hana cha kumfanya ainue kichwa. Lala mbele yake umwimbie, sauti yako iwe ndiyo sababu ya kukiinua.

Akianza kusimama dede, mpe kigoda au kigari cha miti akisukume mbele. Kikigonga ukuta, kimemwonya kabla ya paji la uso. Nyumba iwe na mpangilio usiobadilika: ndoo mahali pake, jembe ukutani, kisima na shimo vifunikwe. Moto wa mafiga uzungushiwe kizuizi, naye afundishwe kusikia joto lake kwa mbali. Mwache atembee pekupeku mahali salama, kwani mchanga, majani na jiwe vitamweleza alipofika.

Usiku kugeuka mchana

Wazazi wengi hulalamika kwamba mtoto anacheza saa nane usiku. Jichoni mna chembe zinazopima mwanga na kuupa ubongo habari za saa. Mtoto asiyehisi mwanga kabisa hukosa habari hizo, na saa ya mwili wake husogea. Asaidiwe kwa ratiba isiyoyumba: kuamshwa saa ileile, kutolewa nje asubuhi, kuoga na kula jioni kwa mpangilio uleule. Hali ikizidi, daktari aelezwe.

Ulemavu zaidi ya mmoja

Mjamzito akipata rubela, mtoto anaweza kuzaliwa na mtoto wa jicho, uziwi na tatizo la moyo kwa pamoja. Kwa hiyo asiyeona apimwe masikio pia. Mwenye mtindio wa ubongo asilishwe akiwa amelala chali. Aketishwe, ashikiliwe mgongo, kichwa kielekee mbele kidogo, ili chakula kisiingie njia ya hewa.

Wapo pia ambao macho yao ni mazima ila ubongo uliumia, kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa au kwa malaria iliyopanda kichwani. Hawa leo wanaona kidogo, kesho hawaoni. Kitu kimoja chekundu au cha njano, kikichezeshwa taratibu mbele ya kitambaa kisicho na maua, kinaweza kuwavuta. Baadhi huendelea kupata nafuu kadiri muda unavyokwenda.

Hospitali kwanza

Yote haya hayachukui nafasi ya vipimo. Mboni nyeupe ni dharura. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, ambaye akiwa mzito tangu kuzaliwa anatakiwa kuondolewa katika wiki chache za mwanzo, kabla ubongo haujakosa nafasi ya kujifunza kuona. Inaweza pia kuwa saratani ya jicho, inayoua isipotibiwa. Anzia zahanati, uombe rufaa ya kwenda kwa daktari wa macho.

Upofu mwingine unazuilika. Mwaka 1987 Dk. Allen Foster, aliyefanya kazi Hospitali ya Mvumi, Dodoma, aliandika pamoja na Alfred Sommer jinsi surua, upungufu wa vitamini A na dawa za kienyeji za kutia machoni zilivyokuwa zikiharibu macho ya watoto wa Tanzania. Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na miezi 18, na matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka kuanzia miezi 6. Hakikisha kadi ya kliniki haina pengo.

Umri wa shule ukifika, mkoa wa Singida wenyewe una Shule ya Msingi Ikungi Mchanganyiko, na jirani Dodoma ipo shule ya wasioona ya Buigiri. Mwalimu anaweza kumfundisha nukta nundu mtoto wa miaka saba. Kumfundisha kwamba mkono wake una kazi ya kufanya kunatakiwa kuanzia Unyambwa, kabla hajaota meno.