Chama cha kijani kilichoambulia kiti kimoja

Mkazi wa Matiliku, Kaunti ya Makueni, hahitaji kuhubiriwa kuhusu mazingira. Anajua hasara ya mto uliozolewa mchanga, kwa kuwa mchanga ndio unaoyatunza maji wakati wa kiangazi. Hata hivyo, chama kilichoibeba hoja hiyo katika jina lake, Mazingira Green Party, hakikuota mizizi Ukambani, na kwingineko kiliota kidogo sana.

Mwasisi wake alikuwa marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha vuguvugu la Green Belt mwaka 1977. Alipowania urais na ubunge wa Tetu mwaka 1997 kwa tiketi ya Liberal Party, magazeti yalichapisha, siku chache kabla ya kura, kwamba amejiondoa. Habari hiyo haikuwa ya kweli, lakini madhara yalikwisha kutendeka. Katika urais alipata kura zisizofika 5,000.

Mwaka huo huo Charity Ngilu wa Kitui aliwania urais kwa tiketi ya SDP, akawa wa tano. Tofauti yao haikuwa ya sera. Ngilu alikuwa na ngome ya nyumbani. Kwao Maathai, kura zilimwendea Mwai Kibaki.

Ni wimbi la NARC lililomfikisha Maathai bungeni mwaka 2002, kwa asilimia 98 ya kura za Tetu. Mwaka 2003 aliteuliwa waziri msaidizi wa Mazingira, na mwaka uo huo akaunda Mazingira, akinuia kuiingiza Kenya katika ukoo wa vyama vya kijani, mfano wa kile cha Ujerumani kilichoingia bungeni mwaka 1983. Hapo ndipo palipokuwa na kitendawili: kiongozi wa chama kipya alikalia kiti cha muungano mwingine.

Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004 ilimpa heshima duniani, si kura nyumbani. Mwaka 2007 alishindwa katika mchujo wa PNU, akakimbilia chama chake mwenyewe, akashindwa tena. Kiti pekee cha Mazingira kilitoka Imenti Kaskazini, alikoshinda Silas Muriuki. Ukambani, wakati huo, ulikuwa umemfuata Kalonzo Musyoka na ODM-Kenya yake. Mpiga kura wetu huuliza kwanza chama ni cha nani, kisha, akipata wasaa, kinataka nini.

Maathai alifariki Septemba 25, 2011. Hoja yake ilipata makao katika vyama visivyojiita vya kijani. Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana aliyechaguliwa kwa tiketi ya Muungano, ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Kitui nayo, mwaka 2018, ilipiga marufuku usafirishaji wa makaa na mchanga nje ya kaunti. Gavana aliyetoa amri hiyo alikuwa Charity Ngilu, kwa tiketi ya NARC.