Modemu ya Kubebeka na Simu ya Ofisi: Jinsi ya Kuchagua Katika Wilaya za Mbulu na Hanang

Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope na mawe yaliteremka kutoka Mlima Hanang na kuukumba mji wa Katesh na vijiji vya jirani, kikiwemo Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Katika saa kama hizo mganga, mhandisi au ofisa wa wilaya huwa mbali na meza yake, ilhali namba wanayoijua wananchi ni ile ya ofisi. Simu hiyo yaweza kumfuata aliko, mradi awe na modemu inayofaa.

Modemu ni nini?

Modemu ni chombo kifanyacho kazi mbili: hulibadili wimbi ili libebe habari, na upande wa pili huitoa habari hiyo katika wimbi. Modemu za zamani zilitumia waya wa simu. Kwa kuwa njia ya simu ilipitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu, hata mwishoni mwa miaka ya 1990 modemu hizo hazikuvuka kilobiti 56 kwa sekunde. Modemu ya kubebeka ya leo hutumia mawimbi ya redio ya mitandao ya simu za mkononi.

Mzigo wa sauti

Mtambo wa simu wa ofisi za siku hizi huikata sauti vipande 50 kila sekunde. Kwa njia iliyozoeleka, kila kipande kina baiti 160 za sauti, na hutiwa katika bahasha ya anwani yenye baiti 40. Jumla ni baiti 200. Mara 50 ni baiti 10,000, yaani kilobiti 80 kwa sekunde, kwenda na kurudi. Sauti ikibanwa hadi baiti 20 kwa kipande, mzigo hushuka hadi kilobiti 24. Kwa hiyo kasi kubwa inayotangazwa madukani si jambo la kwanza. La kwanza ni vipande kufika bila kupotea wala kuchelewa.

Milima na mawimbi

Mlima Hanang una kimo cha zaidi ya mita 3,400, na uwanda wa juu wa Mbulu unakatika ghafla kwenye kingo za Bonde la Ufa. Aliye nyuma ya mlima, au chini kwenye bonde la Yaeda, yumo katika kivuli cha mawimbi. Wimbi la megahezi 800 lina urefu wa sentimita 37.5, la megahezi 2,100 lina sentimita 14 hivi. Lile refu hupinda zaidi kwenye vizuizi na hufika mbali zaidi. Hivyo yafaa kuchagua modemu inayopokea masafa ya chini yatumiwayo na mtandao wa mahali hapo. Modemu iliyotengenezwa kwa soko la nchi nyingine yaweza kuyakosa.

Tundu la kuchomekea antena ya nje nalo ni la thamani. Antena ikiinuliwa juu ya paa na kuelekezwa kwenye mnara, nguvu ya wimbi huongezeka. Kila ongezeko la desibeli 10 ni nguvu mara 10. Desibeli 30 ni mara 1,000.

Mambo mengine ya kuangalia

Betri idumu siku nzima ya kazi, na ichajiwe kwa volti 5 ili paneli ndogo ya jua itoshe. Modemu isiyofungwa kwa kampuni moja humwezesha mtumiaji kubadili laini kufuatana na kijiji.

Setilaiti zilizoko kilomita 36,000 juu ya ikweta huzifikia sehemu nyingi zisizo na minara, lakini sauti hupanda na kushuka kilomita 72,000. Kwa mwendo wa kilomita 300,000 kwa sekunde, huchelewa sekunde 0.24, na mazungumzo mazuri yataka ucheleweshaji usiozidi sekunde 0.15.

Usalama nao usisahauliwe. Mtambo wa simu ulioachwa wazi kwenye intaneti huwavutia wezi, ambao hupiga simu za ng'ambo kwa gharama ya ofisi. Hapana budi mawasiliano yapite katika njia iliyofungwa kwa siri, na neno la siri la kiwandani libadilishwe.

Mwisho, pale penye mtandao wa kizazi cha pili pekee, modemu yoyote haitategemewa kwa kazi hii. Dawa yake ni rahisi: ofisi ielekeze simu zake kwenye namba ya kawaida ya mkononi, kwani mtandao huohuo husafirisha mazungumzo ya kawaida vizuri. Basi anayetaka kununua na apime kwanza, kijiji kwa kijiji, na kazi hiyo ifanyike kabla ya mvua za masika.