Hamu ya Chakula na Ashiki ya Tumbaku

Tangu sindano za semaglutidi, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa ajili ya kisukari na mwaka 2021 kwa ajili ya unene, zilipoenea duniani, wako watumiaji wake waliosimulia kwa mastaajabu kwamba, licha ya kushiba upesi, wamejikuta hawana raghba ya sigara kama zamani. Na kwa kuwa kuacha tumbaku ni adha kubwa, habari hiyo imepokewa kwa furaha iliyotangulia ushahidi.

Dawa hiyo huiga homoni itokayo utumboni baada ya mlo, ambayo huchelewesha chakula tumboni na kuuarifu ubongo kwamba haja imetimia. Vipokezi vya homoni hiyo vimo pia katika zile sehemu za ubongo zinazotawala anasa na matamanio, na panya waliozoezwa kujipatia nikotini waliipunguza walipopewa dawa za jamii hii. Hivyo dhana kwamba sindano moja yaweza kutuliza hamu mbili si upuuzi.

Walakini nikotini ni mtesi wa namna nyingine. Hufika ubongoni sekunde chache tu baada ya moshi kuvutwa, na mtu amalizaye sigara 20 kwa siku, akivuta mara kumi kwa kila moja, huuonjesha ubongo wake anasa hiyo mara 200 baina ya kuamka na kulala, ilhali mlo humjia mara tatu, tena akijaaliwa. Kila mvuto hufungamana na kahawa, na baraza, na ghadhabu, na hata kungojea basi, hata ikawa aachaye hushindana si na nikotini peke yake bali na kila saa ya siku yake.

Mjini Basel, Uswisi, watu 255 waliotaka kuacha sigara walipewa wote vareniklini, dawa mahsusi ya kazi hiyo, pamoja na nasaha. Kisha nusu yao wakadungwa dulaglutidi, ndugu wa semaglutidi, na wengine sindano isiyo na dawa. Baada ya majuma 12, walioacha walikuwa asilimia 63 katika kundi la kwanza na asilimia 65 katika la pili. Jaribio dogo la eksenatidi huko Houston, lenye watu 84, lilitoa matokeo ya kutia moyo zaidi, lakini udogo wake haumruhusu mtu kuapa kwalo.

Hata hivyo, wa Basel waliopata dawa walipungua kiasi cha kilo moja, na wenzao wakaongezeka karibu kilo mbili. Kwa maoni yangu faida ya kweli imo humo, maana aachaye sigara huongezeka kwa wastani kilo nne hadi tano katika mwaka wa kwanza, na wengi huirudia kwa kuhofia unene. Basi msomaji mvutaji, usinunue sindano hizi kwa siri ukitumaini zitakuvunjia uraibu. Mwendee tabibu, umwulize kwanza juu ya vibandiko na chingamu za nikotini, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009.