Fumbo la Waya na Shamba

Hesabu si kazi ya karani peke yake, wala si adhabu ya watoto wa shule. Mtu aliyemaliza kazi zake za mchana aweza kuketi na fumbo moja, akapata furaha na faida pamoja.

Tazama hili. Ndugu wawili wana waya wa futi 400 kila mmoja, nao wataka kuzungushia mashamba yao. Wa kwanza apima urefu futi 180 na upana futi 20. Wa pili apima futi 100 kila upande. Waya ni sawasawa, na atakayezunguka kwa miguu atahesabu hatua zile zile. Lakini shamba la kwanza lina futi za mraba 3,600, na la pili 10,000!

Proclus, mwalimu wa Athens aliyefariki mwaka 485, aliandika juu ya watu waliowapa wenzao ardhi yenye mzunguko mrefu na eneo dogo, wao wakatwaa yenye mzunguko mfupi na eneo kubwa. Tena wakasifiwa kuwa waadilifu!

Basi katika maisha pia tusihesabu hatua za mpakani tu. Tuulize ndani mna nini.

Sasa, msomaji, jaribu mwenyewe. Upande mmoja ni mto ulionyooka, usiohitaji waya. Kwa futi 400, shamba lenye pembe nne zilizo sawa laweza kuwa kubwa kiasi gani? Ukipata futi za mraba 20,000, umefika. Ukipata pungufu, rudi kwenye karatasi. Utamu wa fumbo ni kulifumbua mwenyewe.